NYUMBA NJEMA SI MLANGO: Somo Kutokana na Maoni ya Wasafiri Kuhusu Viwanja vya Ndege

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuitumia kupima jambo halisi. Katika makala haya nitaitumia kupima jambo ambalo wasafiri hawaishi kulibishania: ni kiwanja gani cha ndege kilicho bora duniani, na ni kipi kibaya kushinda vyote?

Katika mjadala wa chama chetu mwaka huu, hoja ilikuwa kwamba vitu vya ng'ambo ni bora kuliko vya kwetu. Waliopendekeza walitaja viwanja vya ndege, wakapigiwa makofi, na hakuna aliyewajibu. Sababu ni kuwa wengi wetu ndege tunaijua kwa kuitazama ikipita juu ya paa la darasa. Mimi pia sijawahi kupanda. Hata hivyo sikuridhika, kwa sababu niliona tunapiga kura juu ya maoni ambayo hatujui yalitoka wapi.

Msomaji mpenzi, pengine unauliza, "Mimi na kiwanja cha ndege wapi na wapi?" Swali zuri. Lakini kila siku unaambiwa shule fulani ndiyo bora, hospitali fulani usiende, matatu za njia fulani ni mbaya. Yote hayo ni maoni. Anayejifunza kuyapima maoni ya wasafiri atajua pia kuyapima hayo mengine.

UKWELI, MAONI NA HOJA

Tuanze na msingi. "Kiwanja cha Changi kule Singapore kilifunguliwa mwaka wa 1981." Huo ni ukweli, unaweza kuthibitishwa. "Changi ni kizuri sana." Hayo ni maoni. Maoni si uongo. Ni ushahidi wa mtu mmoja juu ya siku moja. Maoni yakipewa sababu yanakuwa hoja. Kwa mfano, mtu akisema, "Kiwanja kile ni kibaya," bado hajasema kitu. Akisema, "Kiwanja kile ni kibaya kwa sababu nilisimama kwenye laini muda wa saa tatu na kulikuwa na ofisa mmoja tu," hapo sasa ametupa kitu cha kushika.

Iko kampuni moja ya London iitwayo Skytrax ambayo tangu mwaka wa 1999 hutoa tuzo kwa viwanja vya ndege kwa kufuata maoni ya abiria. Tuzo hizo ndizo magazeti hutangaza kila mwaka. Nilipokuwa nikisoma habari za viwanja vilivyosifiwa na vilivyolaumiwa, niliziandika sababu zote kwenye karatasi. Karibu zote ziliingia katika vikapu vitatu: MUDA, HABARI na UTU. Muda ni kungoja kwa msafiri. Habari ni kuelezwa kinachoendelea. Utu ni jinsi anavyotendewa. Tutazame mifano.

VIWANJA VINAVYOSIFIWA

Changi kimepata tuzo ya kuwa bora duniani zaidi ya mara kumi, na mwaka wa 2025 kilipewa tena. Watu wengi hudhani sifa zake zinatokana na mapambo. Mapambo yapo kweli. Ndani kuna bustani ya vipepeo, na mwaka wa 2019 palifunguliwa jengo liitwalo Jewel lenye maporomoko ya maji ya mita 40 yanayoanguka kutoka darini. Ukiona picha yake unaweza kudhani ni Thomson's Falls imeingizwa ndani ya nyumba!

Lakini tufungue mlango tuingie ndani. Singapore ni nchi ndogo mno, haina safari za ndege za humu humu nchini. Kila abiria anatoka nchi nyingine au anaenda nchi nyingine, na wengi wanabadilisha ndege tu waendelee na safari. Abiria kama huyo angeweza kubadilishia ndege mahali pengine. Kwa hivyo Changi ni kama mwenye hoteli kando ya barabara kuu: asipompendeza mpita njia, basi litasimama kwa jirani. Wanaomsifu husema alama za kuelekeza njia zinaeleweka, vyoo ni safi na laini haikai. Hiyo ni habari na muda. Maporomoko ni nyongeza tu.

Mfano wa pili ni Kansai nchini Japani. Kiwanja hiki kilifunguliwa mwaka wa 1994 juu ya kisiwa kilichotengenezwa na binadamu katika ghuba ya Osaka. Mwaka wa 2024, kilipofikisha miaka 30, kilitangaza kwamba tangu kifunguliwe hakijawahi kupoteza mzigo hata mmoja wa abiria. Siri yake si mashine ya ajabu. Wafanyakazi huhesabu mizigo, na hesabu isipolingana wanatafuta papo hapo. Tena masanduku hupangwa kwenye mkanda mshikio ukielekea upande wa abiria, ili mwenyewe asisumbuke kulivuta. Fikiria hilo kidogo. Kuna mtu ambaye abiria hatamwona maisha yake yote, naye anamgeuzia sanduku. Huo ndio utu ninaouzungumzia.

Lakini hata Kansai haiko salama daima. Mwaka wa 2018 tufani iliyoitwa Jebi ilileta maji ya bahari hadi kwenye njia ya ndege, meli ikagonga daraja la kwenda bara, na maelfu ya watu wakalala kisiwani bila njia ya kutoka. Mtu aliyepitia pale siku hiyo akikwambia ni kiwanja kibaya, utamkatalia vipi?

VIWANJA VINAVYOLAUMIWA

Upande wa lawama, tuanzie Denver nchini Marekani. Kiwanja kipya cha mji huo kilifunguliwa Februari mwaka wa 1995, miezi 16 baada ya siku iliyopangwa. Sababu moja kubwa ilikuwa mitambo ya mizigo. Walitaka vigari visivyo na dereva vibebe masanduku vyenyewe, vikiongozwa na kompyuta. Waandishi wa habari walipoalikwa kuona majaribio mwaka wa 1994, vigari viligongana, masanduku yakapasuka na nguo zikatapakaa. Mwishowe mwaka wa 2005 mitambo hiyo iliachwa kabisa, kazi ikarudia mikono ya watu. Denver walijenga mlango mzuri kabla ya kuangalia kama nyumba inakalika.

Uingereza nako hawakupona. Jengo la Tano la kiwanja cha Heathrow liligharimu zaidi ya pauni bilioni 4. Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua Machi mwaka wa 2008, na tarehe 27 ya mwezi huo abiria wakaanza kuingia. Siku hiyo ya kwanza mambo yaliharibika. Wafanyakazi wengine walikosa mahali pa kuegesha magari, wengine wakakwama kwenye ukaguzi wao wenyewe, wengine kompyuta ziliwakataa. Katika siku chache mamia ya safari yalivunjwa na mizigo zaidi ya 20,000 ikabaki nyuma bila wenyewe. Hapa kuna funzo ambalo hata mwalimu wa zamu anaweza kulitumia: ukuta wa mabilioni hausaidii kitu kama mtu wa kazi hajaonyeshwa mlango wa kuingilia.

Sasa msikie kinyume chake. Jengo hilo hilo la Tano mwaka wa 2014 lilichaguliwa kuwa jengo bora la abiria duniani katika tuzo za Skytrax. Jengo ni lile lile, na kuta ni zile zile. Waliolilaani mwaka wa 2008 hawakusema uongo, na waliolisifu mwaka wa 2014 pia hawakusema uongo. Kilichobadilika ni tarehe. Kumbe maoni nayo huzeeka!

Mfano wa tatu ndio uliouchoma moyo wangu. Huko New York kuna kiwanja kiitwacho LaGuardia. Kwa miaka mingi wasafiri walikilalamikia kwa dari za chini, msongamano na ndege kuchelewa. Februari mwaka wa 2014 Joe Biden, aliyekuwa makamu wa rais wakati huo, alisema kwamba mtu akipelekwa pale akiwa amefungwa macho angedhani yuko katika nchi ya Ulimwengu wa Tatu. Watu walicheka. Lakini ebu tazama vizuri. Kiwanja kibovu ni cha Marekani, kimejengwa na Wamarekani, kimechafuka mikononi mwa Wamarekani, na bado tusi limetupata sisi! Ulimwengu wa Tatu ukawa ndio kipimo cha ubaya, ilhali haukuwepo kwenye kesi.

LaGuardia ilijengwa upya kwa mabilioni ya dola, na majengo makuu mapya yakakamilika mwaka wa 2022. Sasa husifiwa, na Jengo B lilipata tuzo ya jengo jipya bora duniani mwaka wa 2023. Kwa hivyo anayerudia maneno ya mwaka wa 2014 leo anasema habari ya nyumba ambayo haipo tena.

KWETU NYUMBANI

Tusikimbie kiwanja chetu cha Jomo Kenyatta. Kilifunguliwa mwaka wa 1958 kikiitwa Embakasi. Wafungwa wa Mau Mau walitumikishwa katika kukijenga wakati wa Hali ya Hatari. Watu waliobeba mawe yale hawakuruhusiwa kusafiri hata hadi kijiji cha pili bila kibali. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka wa 1978, likikusudiwa kuhudumia abiria wapatao milioni 2.5 kwa mwaka. Kufikia mwaka wa 2013 abiria walikuwa wamepita milioni 6. Hapo usimlaumu ofisa peke yake kwa laini ndefu. Nguo ya mtoto wa darasa la kwanza imevalishwa mtu wa Kidato cha Nne, lazima itapasuka.

Lawama nyingine ni za haki na hatufai kuzificha kwa sababu ya uzalendo. Mvua kubwa inyeshapo paa limewahi kuvuja, na picha zikaonekana kila mahali. Agosti mwaka wa 2023 umeme ulipopotea nchini, jenereta ya baadhi ya majengo ilikataa kuwaka na abiria wakakaa gizani. Kikapu cha muda na kikapu cha habari vyote viwili vilitoboka usiku ule. Anayesema hayo hatukani nchi, anataja ukweli.

Lakini huyo huyo na aseme pia habari ya tarehe 7 Agosti mwaka wa 2013. Alfajiri ya siku hiyo moto uliteketeza ukumbi wa wageni wanaowasili. Hakuna aliyefariki. Ndege zilielekezwa Mombasa, Eldoret na Kisumu, na katika muda wa siku moja hivi zile za ng'ambo zikaanza kutua tena Nairobi. Wageni walipokelewa kwenye mahema, pasipoti zikapigwa muhuri humo humo. Baadaye jengo la kuegesha magari likageuzwa kuwa la abiria. Ukipima kwa marumaru, siku ile kiwanja chetu kilikuwa cha mwisho duniani. Ukipima kwa kazi iliyofanywa na watu waliokuwa na meza na hema tu, sijui utakiweka namba ngapi.

Tena tusidanganyane kwamba Afrika nzima ni moja. Kiwanja cha Cape Town kimepata tuzo ya kuwa bora barani mara nyingi, hata mwaka wa 2025. Mtu akisema "viwanja vya Afrika", mwulize, "Kipi?"

NANI ALIULIZWA?

Sasa tumefika mahali pagumu. Kiwanja cha Hamad mjini Doha, Qatar, kilifunguliwa mwaka wa 2014 na kimepewa tuzo ya kuwa bora duniani mwaka wa 2021, 2022 na 2024. Ni kikubwa, ni safi, na katikati kuna sanamu ya dubu wa manjano mwenye kimo cha mita 7 hivi. Lakini Oktoba mwaka wa 2020, baada ya mtoto mchanga kupatikana ametupwa pale, abiria wanawake wa ndege kadhaa walishushwa na kukaguliwa miili yao kwa nguvu. Serikali ya Qatar iliomba radhi. Mwaka uliofuata tuzo ikaja. Sisemi tuzo ilikuwa ya uongo. Nasema karatasi ya maswali juu ya usafi, maduka na laini haina nafasi ya kutosha ya kuandika jambo kama lile.

Tena kuna wasafiri ambao ni kama hawaulizwi. Wakenya wengi huenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, udereva na ulinzi. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi miaka miwili katika nchi moja huko, si Qatar, na kiwanja chake sitakitaja. Nilimwomba anieleze kilivyokuwa ili niandike makala haya. Alifikiri, kisha akasema, "Mwanangu, pale pananga'aa mpaka unajiona kwenye sakafu. Nami nilijiona vizuri, kwa sababu ni hapo chini tuliketishwa."

Alinieleza kwamba wasichana waliokuja kwa kazi walitengwa na abiria wengine, wakangoja wenye kuwachukua tangu mchana hadi usiku. Hakuna aliyewaambia watangoja mpaka saa ngapi. Maandishi ya ukutani yalikuwa ya lugha mbili, na mmoja wa wenzake hakujua hata moja. Mwenye kumchukua alipofika, pasipoti yake alipewa huyo bwana wala si yeye. Vikapu vyote vitatu vilikuwa vitupu, katika jengo linalometameta.

Nikamwuliza kiwanja alichokipenda. Akasema ni cha hapa nyumbani, siku aliporudi. Nikamkumbusha habari za paa na laini. Akacheka. "Hata siku hiyo begi langu lilichelewa," akasema. "Lakini mama mmoja aliyekuwa akipiga deki aliniona nimesimama, akaniambia pole na safari, begi za ndege yenu zitatokea mkanda ule mwingine. Miaka miwili sikuwa nimeambiwa pole."

Je, maneno ya shangazi yanathibitisha kwamba chetu ni bora kuliko vyote? La hasha. Nikisema hivyo nitakuwa nimevunja kanuni yangu mwenyewe, kwa sababu nayo ni ushahidi wa mtu mmoja juu ya siku moja. Tena siku ya kurudi nyumbani kila kitu huwa kitamu. Yanathibitisha jambo dogo zaidi, lakini zito: kwamba kiwanja kimoja ni viwanja viwili. Mwenye tikiti ya bei anapitia kimoja, na msichana wa kazi anapitia kingine, chini ya paa hilo hilo.

KANUNI ZA KUPIMA MAONI

Kutokana na mifano hii tunaweza kutoa maswali manne. Yaandike daftarini.

(a) Ni nani anayesema? Abiria wa kubadilisha ndege, mwenye mtoto mgongoni, mtalii na mfanyakazi hawaoni kitu kimoja.

(b) Alikiona lini? Kumbuka Heathrow na LaGuardia. Maoni yasiyo na tarehe ni kama maziwa yasiyo na tarehe.

(c) Anatoa sababu gani, nayo inaingia kikapu gani? Asipotoa sababu, hayo ni maoni matupu, usiyaite hoja.

(d) Nani hakuulizwa? Hili ndilo swali tunalosahau, na mara nyingi jibu lake liko karibu nasi, pengine jikoni mwetu.

HITIMISHO

Kiwanja cha ndege ni mlango wa nchi, na mlango unafaa kuwa imara, paa lisivuje na taa ziwake. Hayo tuyadai bila woga, kwa maana yanagharamiwa na kodi na nauli za watu wetu. Lakini mgeni hakai mlangoni. Akishaingia anahesabu dakika alizongoja, anakumbuka kama alielezwa njia, na hasahau aliyemtazama kama mtu. Jambo la tatu halihitaji mabilioni. Hata wewe unayesoma, siku moja unaweza kuwa ofisa wa uhamiaji, mbeba mizigo, rubani au mpiga deki pale. Huenda msafiri asikumbuke dari hata kidogo, akakukumbuka wewe.

MSAMIATI

Abiria: msafiri aliyelipa nauli ya chombo. Neno hili halibadiliki kwa wingi: abiria mmoja, abiria wengi.
Forodha: mahali mizigo inapokaguliwa ili ilipiwe ushuru.
Uhamiaji: idara inayoshughulikia watu wanaoingia na kutoka nchini.
Mshikio: sehemu ya kushikia sanduku, jembe au kikombe.
Tufani: upepo mkali sana unaoandamana na mvua au mawimbi.

MASWALI

1. Tofautisha ukweli, maoni na hoja, ukitumia mifano kutoka shuleni mwetu.
2. "Maoni nayo huzeeka." Eleza ukirejelea viwanja viwili vilivyotajwa.
3. Geuza maoni haya yawe hoja: "Steji ya matatu ya mjini ni mbaya."
4. Mwulize mtu wa nyumbani kwenu aliyesafiri mbali, kwa basi, gari la moshi, meli au ndege, alivyotendewa njiani. Andika aya moja kwa maneno yake, kisha uonyeshe ni kikapu gani kilijaa na ni kipi kilikuwa kitupu.
5. Kamilisha methali na utoe maana yake: Mgeni njoo ...